Maji Hayachagui

Ndugu msomaji, ukisimama nami hapa Mugango, kando ya Ziwa Victoria, huenda ukadhani maji hayana siri: hayana rangi, harufu wala ladha. Lakini zitazame sifa zake. Maji hupata joto polepole na kulipoteza polepole. Kwa hiyo mchana nchi kavu huwaka kuliko ziwa, na upepo huvuma kutoka ziwani; usiku nchi kavu hupoa upesi, na upepo hugeuka.

Tena maji huyeyusha vitu vingi. Oksijeni iliyoyeyuka humo ndiyo wanayovuta sangara na sato; chumvichumvi za udongo zilizoyeyuka ndizo zinyonywazo na mizizi ya muhogo; na damu yetu, ambayo sehemu yake kubwa ni maji, hubeba chakula cha mwili kwa njia hiyo hiyo.

Basi zingatia: sifa hiyo iletayo uhai haichagui. Sabuni tunayofulia ufukoni na mbolea isombwayo na mvua huyeyuka pia, na jirani huyateka maji hayo. Kuyachemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi mbolea iliyokwisha kuyeyuka. Mwenyezi Mungu ametupa amana isiyokataa kitu. Naona ni juu yetu kuchagua cha kuitilia.