Deni la Bahari Huandikwa

Jicho la mwanadamu huzoea upesi, na likishazoea husahau. Mtoto anayezaliwa Bamburi leo ataikuta bahari kama ilivyo, naye atadhani ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za mababu. Mzee atamwambia kuwa zamani lema moja lilitosha kulisha nyumba mbili. Kijana atatabasamu kwa adabu na kuona ni hadithi tu. Baina yao, nani shahidi?

Kwetu Kisauni swali hili si la mzaha. Mama yangu ni mama karanga. Ametusomesha kwa karai la mafuta, akinunua tasi, changu na pono kwa wavuvi na kuwauza jioni. Mwaka jana mpwa wangu alimwomba fedha zake za chama ili anunue wavu wa matundu madogo. "Bibi, samaki ndio hawa hawa wadogo, wengine hawakupata kuwako." Mjomba, aliyevua miaka 40, akamkatiza: "Walikuwako, tena wakubwa. Tulinyimwa tulipofungiwa mwamba." Kila mmoja alishika lake, na akiba ya Mama ilikuwa kati yao.

Alhamdulillahi, shahidi wa tatu yupo. Hifadhi ya bahari ya Mombasa ilitangazwa mwaka 1986, na tangu 1987 mtafiti Tim McClanahan na wenzake wamekuwa wakiirudia miamba ya pwani yetu, wakihesabu samaki na matumbawe. Shirika la CORDIO, lenye makao yake hapa Mombasa, lilianza 1999, baada ya joto la bahari la 1998 kuua matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi.

Siku hizi kamera pia hushuka chini. Mzamiaji hutandika kamba, huweka fremu ya mraba, hupiga picha, husogea, hupiga nyingine. Ofisini vitone hutiwa juu ya kila picha, na kila kitone huandikwa kimeangukia nini: tumbawe hai, tumbawe lililokufa, mwani, nyasi za bahari au mchanga. Vikihesabiwa, hujulikana ni kiasi gani cha sakafu ya bahari kingali hai. Picha za mwaka mmoja hazisemi mengi. Thamani yake huonekana mwaka wa kumi na wa ishirini, watu wanaporudi pale pale.

Kumbukumbu hizo za miaka mingi zimempa kila mmoja nyumbani kwetu sehemu ya haki yake. Samaki wakubwa walikuwako, kama asemavyo Mjomba. Lakini mwamba uliofungwa haukuwamaliza; humo ndimo walimosalia wengi, na baadhi yao hutoka nje ya mpaka wakaingia katika malema ya jirani. Pale kikande anapovuliwa mno, shefeshefe huongezeka kwa kuwa amekosekana wa kuwala, nao huukwangua mwamba. Kikande hurudi polepole mwamba ukiachwa upumzike, na huchukua miaka. Na yale ya 1998 hayakuwa makosa ya mvuvi wala ya hifadhi: maji yalipozidi joto, matumbawe yalipoteza mwani mdogo sana unaoishi ndani yake, unaoyalisha na kuyapa rangi, yakawa meupe, mengi yakafa.

Katika Suratul Baqara tumeamrishwa kuandika deni na kuweka mashahidi. Ndivyo ilivyo hata baina ya watu wema, kwani mwema naye husahau. Samaki tunayemtoa kabla hajazaa ni deni kwa watoto wetu, na bila maandishi kila kizazi kitaapa kwamba hakikukopa.

Mama hakutoa fedha za wavu. Alitoa za malema mawili, kwa sharti moja: kila siku ya kuvua, mpwa wangu aandike katika daftari aina ya samaki, urefu wake kwa rula, na bei. Mjomba hajui kuandika. Yeye hutaja jina la kila samaki na mahali alipopatikana, kijana akaandika. Daftari hilo sasa lina kusi moja na kaskazi moja. Bado halijasema mengi, ila wawili hao hawabishani tena kwa viapo, hufungua ukurasa.