Nguvu ya Kuvuta Unayo. Je, Breki Unazo?



Leo sianzi na andiko. Naanza na aibu yangu, andiko litafuata. Soma mpaka mwisho, kwa maana naamini kuna mtu ambaye ujumbe huu ni wake.

Miaka michache iliyopita tulikuwa na mkutano wa injili wa siku tatu kule Limuru. Tulimaliza Jumapili jioni, na Jumatatu tulitarajiwa katikati ya jiji kwa ibada ya saa ya chakula cha mchana. Wewe unayefanya kazi mjini unazijua ibada hizo. Watu wanatoka ofisini mbio mbio, wanasimama dakika arobaini na vitambulisho vya kazi shingoni, kisha wanarudi. Vyombo vya kutumia vilikuwa vile vile vya Limuru: jenereta, spika nne kubwa, vyuma vya jukwaa na hema.

Kabla sijaendelea, nikwambie jambo moja. Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimemkemea mhazini wetu mbele ya wazee wa kanisa. Nilitaka tuchukue mkopo mkubwa tujenge kanisa la mawe. Yule mama akainua mkono akauliza, "Pasta, sadaka ikishuka miezi mitatu mfululizo, tutasimamaje?" Nikamjibu kwa sauti kwamba hiyo ni roho ya kutoamini. Akanyamaza. Wazee wakasema amina. Nikaenda Limuru nikihubiri kwa moto kama mtu aliyeshinda vita.

Sasa turudi kwenye safari. Ili tusikodishe lori, ndugu mmoja alijitolea gari lake: Land Rover Discovery 3 ya dizeli, viti vya ngozi, kioo cha juu, gari la mtu aliyebarikiwa. Lilikuwa na chuma cha kuvutia trela nyuma. Trela tukaazima kwingine, ya magurudumu mawili, imetengenezwa kwa fundi wa kuchomelea. Nikamuuliza ndugu swali moja tu: "Hili gari linaweza kuvuta kilo ngapi?" Akasema, "Pasta, tani tatu na nusu." Nikasema Haleluya. Mzigo wetu haukufika tani mbili.

Mpendwa, ndugu hakunidanganya. Gari lile kweli limeundwa kuvuta kilo 3,500. Lakini kitabu cha gari kina mstari wa pili ambao sikuuliza. Kilo 3,500 ni kwa trela yenye breki zake yenyewe. Trela isiyo na breki, mwisho ni kilo 750. Gari ni lile lile na injini ni ile ile, lakini uzito unaoruhusiwa unashuka karibu mara tano, kwa sababu ya breki tu.

Yetu haikuwa na breki.

Asubuhi vijana walipakia haraka. Hema na vyuma viliingia kwanza, vikakaa mbele. Jenereta, ambayo ndiyo nzito kuliko vyote, iliingia mwisho, ikakaa nyuma kabisa mlangoni. Ingekuwa pikapu yangu kuukuu, ningeona kosa palepale. Trela ikilemewa nyuma ya ekseli, pua yake huinuka na kuuinua mkia wa gari. Lakini Discovery ile inakaa juu ya mifuko ya hewa, nayo hujisawazisha yenyewe. Nilizunguka nikalitazama, limenyooka kabisa. Nikapiga picha.

Dizeli ina tabia yake: nguvu huja mapema, injini ikiwa bado inazunguka polepole. Ile ya lita 2.7 hutoa newtonmita 440 kwenye mizunguko 1,900 hivi kwa dakika. Maana yake unaondoka na mzigo bila kukanyaga sana. Tulitoka Limuru saa nne kasoro, msongamano wa asubuhi umepungua, na nikasahau kwamba nyuma yangu kuna kitu. Shemasi aliyeketi kando yangu akasema, "Pasta, hili gari halijui mzigo." Mimi nikacheka.

Lakini kumbuka jiografia yetu. Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na katikati ya jiji ni chini ya mita 1,700. Barabara hiyo, ukiijumlisha, ni mteremko mpaka Museum Hill. Shida yangu siku hiyo haikuwa kuvuta hata kidogo. Ilikuwa kusimamisha.

Tulipopita Muguga tukielekea Kinoo, nilikuwa karibu kilomita 90 kwa saa. Nikapita lori. Niliporudi kwenye laini yangu nilihisi mkia wa gari ukisukumwa kushoto, kisha kulia, kisha kushoto kwa nguvu zaidi. Kwenye kioo trela ilikuwa ikiyumba kama mlevi. Nikafanya kile ambacho kila mtu angefanya: nikakanyaga breki.

Hapo ndipo nilipoelewa. Gari lilipunguza mwendo, trela haikupunguza. Ilitusukuma kwa nyuma, ikapanua myumbo mpaka nikaona ubavu wake kwenye kioo cha pembeni. Mbele, kando ya barabara, kulikuwa na vijana wa bodaboda na mama mmoja anayeuza mahindi ya kuchoma. Mpendwa, mimi huomba kwa sauti kubwa, mnanijua. Siku hiyo niliweza kusema jina moja tu, "Yesu."

Niliondoa mguu kwenye breki. Sikukanyaga mafuta, sikuzungusha usukani huku na huku. Niliushika umenyooka, nikaliacha gari lipoteze mwendo lenyewe. Myumbo ukapungua kidogo kidogo, ukaisha. Tulisimama kama hatua thelathini kabla ya yule mama wa mahindi. Magurudumu ya mbele yalinuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya nguo.

Mzee mmoja akavuka barabara kuja kwetu. Alisema aliendesha matrela marefu ya kwenda Malaba miaka mingi kabla ya kustaafu. Hakutupa pole. Alizunguka trela, akagonga jenereta kwa kidole, akainama kutazama magurudumu, akauliza, "Breki za hii ziko wapi?" Nikasema haina. Akauliza, "Na minyororo ya kushikilia ikichomoka?" Nikasema hatukufunga. Akanitazama akasema, "Kijana, gari lako halina shida. Wewe uliuliza linavuta ngapi. Dereva anauliza litasimama wapi."

Sikuwa nimemwambia kwamba mimi ni mchungaji. Sikumwambia hata baadaye.

Alitufundisha. Mzigo mzito hukaa juu ya ekseli au mbele yake kidogo, ili pua ya trela ibonyeze gari kwa takriban sehemu moja ya kumi ya uzito wote. Minyororo hupita chini ya kiungo kwa kupishana. Mteremkoni unashuka kwa gia ndogo, injini ikusaidie kuzuia, usikalie breki mpaka ziungue. Tukaishusha jenereta na vyuma hapo hapo. Tukakodisha Canter, kwa pesa zile zile nilizotaka kuokoa. Hema na spika zikabaki kwenye trela, tukashuka polepole kupitia Uthiru, Kangemi na Westlands, matatu zikitupigia honi.

Tulifika jukwaa halijasimama. Tulihubiri kwa kipaza sauti cha mkononi. Watu walisikiliza, na wanane walitoa maisha yao kwa Bwana. Hakuna hata mmoja aliyeuliza spika ziko wapi.

Usiku huo sikulala. Si ajali iliyonisumbua. Lilikuwa lile swali, kwa sababu nilikuwa nimelisikia mara mbili wiki moja. Mzee wa Kinoo aliuliza litasimama wapi. Mhazini wetu aliuliza tutasimamaje. Mmoja nilimshukuru kwa kuokoa maisha yangu. Mwingine nilimwita mtu asiye na imani.

Katika Luka 14 Bwana Yesu anazungumzia mtu anayetaka kujenga mnara. Anaketi kwanza, anapiga hesabu kama ana cha kumalizia, asije akaweka msingi na kuchekwa na watu. Niliwahi kuhubiri sura hiyo mara nyingi. Sikuwahi kugundua kwamba yule anayeketi kupiga hesabu, Bwana hamkemei.

Jumanne nilienda Kawangware nyumbani kwa mhazini. Nilimwambia, "Mama, nilikukosea mbele ya watu, na Jumapili nitakuomba msamaha mbele ya watu." Akanitilia chai. Akasema, "Nimekusamehe, Pasta. Lakini swali langu bado liko." Hatukuchukua mkopo ule. Ndiyo maana mpaka leo, ukija kwetu mvua ikinyesha, utasikia mabati kabla ya kusikia mahubiri. Lakini hakuna mtu anayetudai.

Mpendwa, huenda Mungu amekupa injini kubwa. Una kipawa, una kazi nzuri, una kibali, watu wanakufuata. Mlimani unapanda bila kuhema. Nakuuliza mambo matatu.

Moja, nani ana ruhusa ya kukwambia "hapana" nawe ukasikia? Mke wako? Dada yako? Mshirika wa biashara? Kama hakuna, huna breki, na uzito unaopaswa kuvuta ni mdogo sana kuliko unavyodhani.

Mbili, kile kizito zaidi maishani mwako umekiweka wapi? Ndoa, maombi, watoto: vimekaa katikati, au viliingia mwisho baada ya kila kitu, vikabaki mlangoni?

Tatu, je, maisha yako yamesawazishwa kwa nje tu? Nguo safi, picha nzuri, gari limenyooka, na ndani mzigo umekaa vibaya. Usingoje mteremko ukuoneshe.

Na kama leo umeshaanza kuyumba, usikanyage kwa hofu, wala usiongeze mwendo ukidhani utapita. Ondoa mguu. Shika usukani. Pungua. Kisha simama kando ya barabara, ukubali mtu azunguke mzigo wako aukague.

Tuombe. Baba, asante kwa nguvu ulizotupa. Tusamehe kwa watu uliowatuma watuzuie, nasi tukawaita adui. Mponye aliyenyamazishwa kanisani mwako kwa sababu aliuliza swali la kweli. Tupe moyo wa kupunguza mwendo kabla hatujamgonga mtu kando ya barabara. Katika jina la Yesu, Amina.

Kama kuna mtu amekuwa breki kwako, usiandike "Amina" hapa kwanza. Mpigie simu umshukuru, kisha urudi.

Ubarikiwe.