Mnukuzi wa Vivuli

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii aghalabu huwaendea wenye maduka, ila huwafaa vilevile warithi wa mpiga picha. Katika nyumba moja ya Mji wa Kale, Mombasa, binti mmoja alirithi sanduku la bati lenye negativu mia tatu na ushei za studio ya babu yake. Kila negativu ina nambari iliyoandikwa kwa wino ukingoni. Daftari lililoonyesha nambari ipi ni ya nani halikuonekana tena baada ya studio kufungwa. Nyuso zipo, nambari zipo, majina hayapo. Na kwa kuwa wengi wa waliopigwa picha hizo wamekwishaitika wito wa Mola, na waliosalia ni wakongwe, binti huyo alielewa kwamba siku hazimngoji.

Negativu hizo ni za filamu iitwayo 120, ambayo kampuni ya Kodak iliianzisha mwaka 1901. Upana wake ni takriban sentimita 6, na kamera ya picha za mraba hupata picha 12 katika msokoto mmoja. Kila picha ina milimita 56 kwa 56, eneo linalolishinda lile la filamu ndogo ya milimita 35 kwa zaidi ya mara tatu na nusu. Ndiyo sababu mafundi wa studio waliipenda: darizi ya kofia ya viua, ua la leso na unywele uliochomoza chini ya mtandio vyote hubaki bayana. Pwani ya Kenya ilikuwa na studio zilizovuma, kama ile ya N. V. Parekh mjini Mombasa na ile ya Bakor kisiwani Lamu. Babu wa binti huyu hakuvuma. Alikuwa fundi wa mtaa. Kazi za mafundi wa mtaa zisiposhughulikiwa nyumbani, ni nadra zishughulikiwe kwingineko.

Kwa hivyo binti alinunua skana ya filamu iliyokwisha kutumika, Nikon Coolscan 9000, chombo kilichotoka mwaka 2004 na ambacho Nikon iliacha kukitengeneza zamani. Skana bapa za ofisini zimeundwa hasa kwa karatasi; skana hii hupitisha mwanga ndani ya filamu yenyewe na kusoma nukta 4,000 kwa kila inchi. Picha moja ya mraba huzaa pikseli zipatazo milioni 77, na ikihifadhiwa kwa rangi ya kijivu yenye kina cha biti 16, faili lake hufikia takriban megabaiti 155. Programu iliyokuja na skana haikuendelezwa kwa ajili ya tarakilishi za leo, hivyo yeye hutumia VueScan, tena katika tarakilishi kuukuu ambayo bado ina tundu la FireWire.

Kazi yenyewe hutaka subira ya mshona kofia. Filamu iliyokaa miongo katika joto la pwani hujikunja kama jani kavu, na lenzi ya skana haina huruma na kujikunja: katikati ya picha pakiwa wazi, pembeni huwa na ukungu. Filamu ikibanwa kwa kioo ili inyooke, mahali inapogusana na kioo hicho huweza kuzuka miviringo ya mwanga iitwayo pete za Newton, isipokuwa kioo kiwe kimekwaruzwa kitaalamu kwa ajili hiyo. Negativu hushikwa kwa kingo, mikono ikiwa ndani ya glovu za pamba, na vumbi hupeperushwa kwa pampu ndogo ya mpira. Zilizoota kuvu hutengwa na wala hazioshwi kwa maji, kwa sababu kuvu huila jelatini inayobeba picha hadi ikawa tayari kuyeyuka. Zinazonuka siki nazo hutengwa, maana plastiki yake imeanza kuoza na mvuke wake huziambukiza nyingine.

Skana hiyo ina mbinu ya kufuta vumbi kwa miale ya infraredi. Miale hiyo hupenya wino wa filamu za rangi na kukwama penye vumbi na mikwaruzo, nayo programu ikajua pa kuziba. Kwa filamu ya kawaida ya nyeusi na nyeupe mbinu hiyo haifui dafu. Picha yake imeumbwa kwa chembechembe za fedha, na fedha huizuia miale sawa na vumbi. Mashine haiwezi kutofautisha uso na uchafu. Uamuzi unamrudia binadamu.

Hapo ndipo mgogoro wa kwanza ulipozuka. Picha zilipokuzwa kwenye skrini, mashavuni na chini ya macho ya watu wengi zilionekana alama nyembamba, mamia kwa mamia, kama nyayo za sisimizi. Hizo zilikuwa alama za penseli. Fundi wa studio alikuwa akichora juu ya negativu ili kuongeza weusi, na weusi wa negativu huwa weupe wa picha. Kwa njia hiyo kunyanzi na makovu yalipunguzwa kabla ya mteja kuijia picha yake. Kakake mdogo wa binti, aliyesomea usanifu wa michoro, alizitazama na kusema, "Dada, niachie dakika mbili tu. Nitamsafisha mzee huyu awe kama aliyepigwa jana."

"Utamsafisha nini?" akauliza dadake. "Huo ni mkono wa babu."

Wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili wanaujua mgogoro huu kwa jina lingine. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa mji huohuo wa Mombasa yalikusanywa mwishoni mwa karne ya 19 na W. E. Taylor akisaidiwa na Mwalimu Sikujua, na mwaka 1940 William Hichens akayatoa kitabuni. Kiswahili cha hati za Kiarabu kilitegemea alama tatu tu za irabu, hivi kwamba mara nyingi i na e ziliandikwa kwa namna moja, na u na o vivyo hivyo. Aliyenukuu kwa hati za Kirumi alilazimika kuchagua, na kila alipochagua, jingine lilifichika. Wahakiki hawamlaumu mnukuzi kwa kuchagua. Humlaumu anapoficha kwamba amechagua, au anapotupa muswada baada ya kuchapisha. Mwenye skana naye ni mnukuzi. Akikaza mwanga, kanzu nyeupe hupoteza mikunjo. Akiulegeza, kivuli humeza uso. Binti kwa hiyo aliamua kuweka faili mbili kwa kila negativu: moja kama skana ilivyosoma, alama za penseli na mikwaruzo ikiwemo, na nyingine iliyorekebishwa kwa macho ya jamaa. Nduguye aliruhusiwa kuigusa hii ya pili pekee.

Mgogoro wa pili ulikuwa mzito zaidi. Takriban thuluthi ya picha ni za wanawake waliovua buibui, nywele zimesukwa, viganja vimepakwa hina, mikufu shingoni. Kaka alitaka picha zote zitandazwe mtandaoni ili atakayemtambua nyanyake aseme. Hoja yake haikuwa ya kupuuzwa, maana bila macho ya wengi majina mengi hayatarudi. Shangazi yao, binti wa fundi mwenyewe, aliyekuwa akiitwa kila Ijumaa alasiri kutazama nyuso na kutaja majina, alisikiliza hadi mwisho kisha akasema: "Wanangu, hawa walivua buibui mbele ya baba yangu kwa kuwa walimwamini. Hiyo mashine yenu wameiamini lini?"

Hakuna aliyemjibu. Picha hizo zilipigwa zikae ndani, albamuni, zionwe na mume, dada na wajukuu. Kipindi fundi alipokuwa hai, sitara ililindwa na ugumu wenyewe wa kazi, kwani hakuna aliyeweza kunakili negativu bila kupitia mlango wake. Skana imeuondoa mlango huo. Faili moja laweza kufika kila bara kabla ya adhana inayofuata, na likishatoka halirudi. Kuhifadhi na kutangaza vilikuwa vitendo viwili. Leo vinatenganishwa na kidole kimoja tu, nacho huteleza.

Uamuzi uliofikiwa una gharama, na binti anaikubali. Picha za wanaume na watoto zitaonyeshwa pindi jamaa zao wakiridhia. Za wanawake waliotambuliwa huchapishwa, zikatiwa bahashani, na shangazi huzipeleka nyumba kwa nyumba kwa mkono wake. Za wasiotambuliwa zimefungwa, japo yamkini shangazi akitoweka nao majina yao yatatoweka. Kati ya kumpoteza mtu jina na kumvua sitara, familia imechagua hasara ya kwanza, kwa kuwa jina laweza kurudi siku moja, ilhali sitara haishonwi tena.

Kando ya skana pana daftari jipya la jalada gumu. Kila mstari una nambari ya negativu, jina, aliyelitaja, tarehe, na yale yote yaliyotendewa faili. Mistari mingine ni mifupi. Nambari 117: mwanamke, kitini, ua mkononi. Jina halijulikani. Haionyeshwi.