Fundi, Mlima Hautaziba?

Nilipoanza kufunga madishi Magoma, kabla sijatua ngazi mteja alikuwa ameshaniuliza: "Fundi, mlima hautaziba?" Alikuwa na haki. Tumekaa bonde la Lwengera, Usambara ya Magharibi upande huu, ya Mashariki upande ule. Enzi za antena za kawaida watu walifunga mianzi mirefu juu ya paa wakaambulia chenga tupu. Mitambo ya analojia ya Tanga ilipozimwa Januari 2013, wengi wetu hatukuwa na picha ya kupoteza.

Azam TV ilianza mwishoni mwa mwaka huohuo. Setilaiti yake iko nyuzi 7 mashariki, kama kilomita 36,000 juu ya ikweta. Kutoka kwetu unaitafuta magharibi, upande wa milima ya Lushoto, ila juu, zaidi ya nusu ya njia ya kufika utosini. Mlima unabaki chini kabisa. Kinachoziba ni mfenesi wa jirani, na mfenesi hukua. Niliyaeleza hayo yote kwa bibi mmoja, akanikata: "Mjukuu wangu, sijakuuliza ya mbinguni. Simba itaonekana?"

Itaonekana, bibi. Haki za kuonyesha Ligi Kuu zilikuwa zimenunuliwa kuanzia msimu wa 2013/14, na kwa maoni yangu mpira ndio uliotoa madishi kwenye vibanda umiza ukayapeleka majumbani.

Maswali yakahama. "Dishi la kampuni ile litashika king'amuzi cha hii?" Litashika, mara nyingi: dishi ni bati tu, ukiligeuzia setilaiti nyingine linatii. Kufuli liko kwenye king'amuzi na kadi yake. "Mbona mvua kubwa picha inaganda?" Maji yanameza mawimbi, masika ya huku hayana msamaha, subiri ipite.

Agosti 2018 simu yangu haikupumzika. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilikuwa imeelekeza kwamba leseni za ving'amuzi vya kulipia haziruhusu kubeba chaneli za bure, na ITV na wenzake wakaondoka. Aliye Dar alinunua king'amuzi cha antena. Aliye nyuma ya mlima angekielekeza wapi? Baadaye chaneli zilirudi, lakini miezi ile nililaumiwa mimi, kana kwamba nimezifunga kwa bisibisi.

Siku hizi nikipanda paa naulizwa hesabu. "Nikizima nikaenda shamba, siku zinasimama?" Hazisimami, kifurushi kinakwenda hata ukiwa umelala, kwa hiyo anayeuza maharage kwa msimu namshauri alipie mwezi atakaokuwa nyumbani. Halafu lile la chumba cha pili: waya ukivutwa, watoto wataangalia katuni? Picha wataipata, lakini king'amuzi ni kimoja. Baba akiweka taarifa ya habari sebuleni, na wao chumbani wanaangalia taarifa ya habari.