Little Rock: Mji Uliojifunza Thamani ya Kura ya Shule

Upande wa kusini wa nchi ya Marekani liko jimbo liitwalo Arkansas, na makao makuu ya jimbo hilo ni mji wa Little Rock. Maana ya jina hilo ni Jiwe Dogo. Mji umejengwa kandokando ya mto Arkansas, na jiwe lenyewe lililoupa jina lingalipo ukingoni mwa maji, ingawa sehemu yake kubwa ilivunjwa katika karne ya 19 ili kupata mahali pa kujenga daraja la gari la moshi. Wasafiri wa Kifaransa waliopanda mto huo zamani walilitumia jiwe hilo kama alama ya njia. Leo mgeni asipoonyeshwa na mwenyeji, huenda akalipita asilione.

Si mji mkubwa kama New York au Chicago. Mnamo miaka ya 1950 ulikuwa na watu kama 100,000 tu, na katika hesabu ya mwaka 2020 walifika 200,000 na kidogo. Hata hivyo jina lake lilipata kujulikana duniani kote kwa sababu ya shule moja, na kwa sababu ya kura ambazo wananchi walipiga, au walizembea kupiga, kuwachagua wasimamizi wa shule zao.

Shule hiyo huitwa Central High School. Ilifunguliwa mwaka 1927, na mtu aionapo mara ya kwanza hudhani ni ikulu ya mfalme. Ni jengo refu la matofali, lenye ghorofa nyingi, na ngazi za mawe zinapanda pande mbili mpaka mlangoni. Juu ya mlango zimesimama sanamu nne za wanawake, na kila moja ina jina lake: Nia ya Kuendelea, Utu, Nafasi Njema, na Matayarisho. Watoto wangali wanasoma humo kama kawaida, na serikali ya Marekani imeifanya shule hiyo kuwa mahali pa kumbukumbu ya taifa zima. Lakini kwa miaka 30 ya kwanza hakuna mtoto mweusi hata mmoja aliyeruhusiwa kupita chini ya sanamu hizo kwenda darasani, ijapokuwa wazazi wake walilipa kodi kama wengine.

Ili kufahamu mambo yaliyotokea, yafaa kwanza kujua jinsi shule za Marekani zinavyotawaliwa. Si serikali kuu ya Washington inayoajiri walimu, wala si Rais. Kila wilaya ya elimu ina Halmashauri yake ya Shule, na kwa kawaida wajumbe wake huchaguliwa na wananchi wa mahali pale kwa kura. Katika Arkansas wajumbe hao hawapati mshahara. Mmoja huenda akawa wakili, mwingine daktari au mwenye duka. Lakini kazi yao ni kubwa: wao ndio wanaomwajiri Mkuu wa Elimu wa mji, wanaokubali au kukataa kuajiriwa kwa walimu, na wanaoamua fedha zitumikeje. Hata kiasi cha kodi ya mali inayolipwa kwa ajili ya shule huulizwa wananchi wenyewe kwa kura.

Mtu angedhani kwamba uchaguzi wa namna hiyo huwavuta watu wengi. Sivyo. Kwa miaka mingi ulifanywa siku yake peke yake, mbali na uchaguzi wa Gavana au wa Rais, na wapigaji kura walikuwa wachache. Wengi walisema, "Hiyo ni kura ndogo tu." Wahenga walisema kwamba mdharau mwiba mguu huota tende, na watu wa Little Rock walikuja kuuona ukweli wa maneno hayo.

Mnamo tarehe 17 Mei 1954 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kuwatenga watoto weusi na weupe katika shule za serikali ni kinyume cha katiba. Halmashauri ya Little Rock ilitengeneza mpango wa kuchanganya wanafunzi pole pole, na mwezi wa Septemba 1957 wanafunzi weusi tisa walichaguliwa kuingia Central. Gavana wa jimbo, Orval Faubus, akawaweka askari wa jimbo kuuzuia mlango. Tarehe 4 Septemba msichana mmoja wa miaka 15, Elizabeth Eckford, alifika peke yake, maana nyumbani kwao hapakuwa na simu na hakupata habari kwamba wenzake wangekutana kwanza mahali pengine. Askari walimzuia, na umati wa watu ukamfuata ukimzomea mpaka kwenye kituo cha basi. Mwishowe Rais Eisenhower alipeleka jeshi la taifa, na tarehe 25 Septemba watoto wale tisa wakaingia shuleni wakilindwa na askari. Mmoja wao, Ernest Green, akamaliza masomo yake hapo mwezi wa Mei 1958.

Sehemu hiyo ya habari inajulikana na wengi. Mambo ya mwaka uliofuata hayajulikani sana, nayo ndiyo yenye fundisho kwa kila mzazi.

Halmashauri ilikwenda mahakamani kuomba mpango ule uahirishwe. Wakili aliyesimama upande wa wanafunzi alikuwa Thurgood Marshall, ambaye jina lake si geni katika Kenya, kwa kuwa mwaka 1960 alikuwa mshauri wa wajumbe Waafrika katika mkutano wa katiba uliofanywa Lancaster House, London. Tarehe 12 Septemba 1958 Mahakama Kuu ilikataa ombi la Halmashauri. Hapo Gavana akatumia sheria mpya ya jimbo na kuzifunga shule zote nne za sekondari za mji, za weupe na ya weusi pia. Kisha wananchi wakaitwa kupiga kura tarehe 27 Septemba. Swali lilitungwa kwa hila, kwani waliulizwa kama wanataka shule zote za wilaya zichanganywe au wanakataa kabisa. Hapakuwa na njia ya katikati. Watu 19,470 walikataa, na 7,561 walikubali. Milango ikabaki imefungwa.

Basi ukaanza mwaka ambao watu wa Little Rock wanauita mwaka uliopotea. Wanafunzi zaidi ya 3,600 walikuwa hawana shule. Walimu, kwa kuwa walikuwa wamefungwa na mkataba, walikwenda kazini kila asubuhi na kukaa katika madarasa matupu. Jambo la ajabu ni kwamba mchezo wa mpira haukusimamishwa: timu za shule ziliendelea kucheza ingawa shule zenyewe zilikuwa zimefungwa. Watoto wengi weupe walipata mahali pengine. Wengine walipelekwa kwa jamaa zao katika miji mingine, na wengine waliingia shule ya watu binafsi iliyofunguliwa kwa ajili yao. Lakini karibu nusu ya wanafunzi weusi hawakupata masomo yoyote mwaka ule. Wengine walikwenda kutafuta kazi, wengine waliingia jeshini, na wako ambao hawakurudi tena darasani.

Hata kabla ya kura ile ya Septemba, wanawake wengine wa mji walikuwa wameanza kusema kwamba jambo hilo haliwezi kuvumiliwa. Bibi Adolphine Terry, aliyekuwa mzee wa zaidi ya miaka 70, aliwakaribisha wenzake katika nyumba yake kubwa yenye nguzo nyeupe, iliyojengwa tangu mwaka 1840. Pamoja na Vivion Brewer na Velma Powell aliunda kamati ya akina mama ya kuzifungua shule. Wanachama wao walikuwa wanawake weupe tu, nao waliona kwamba kwa njia hiyo watasikilizwa na wapigaji kura weupe. Wanawake weusi hawakualikwa, na jambo hilo ni dosari isiyofichika. Kamati ikakua mpaka ikapata wanachama zaidi ya 1,000. Orodha ya majina yao ilifichwa kwa miaka mingi, maana mume wa mwanamke aliyejulikana angeweza kupoteza kazi au wateja wake. Miaka 40 baadaye majina hayo yalichorwa katika vioo vya madirisha ya nyumba ile ile.

Mwezi wa Novemba 1958 wajumbe watano kati ya sita wa Halmashauri walijiuzulu, na tarehe 6 Desemba wakachaguliwa wapya. Matokeo yalikuwa kama mizani iliyolingana: watatu walitaka shule zifunguliwe kwa kufuata sheria, na watatu walikuwa upande wa Gavana. Kwa miezi kadhaa hapakupitishwa neno la maana. Kisha, tarehe 5 Mei 1959, wale watatu wa kwanza walitoka mkutanoni ili mkutano usiwe halali. Wenzao walibaki, wakajitangaza kuwa ndio Halmashauri, na siku hiyo hiyo wakawanyima kazi walimu na watumishi 44, akiwamo mwalimu mkuu wa Central. Kosa lao lilikuwa kudhaniwa kwamba wanapendelea kuchanganywa kwa wanafunzi.

Hapo ndipo mji ulipoamka. Mtu aliyekaa kimya juu ya habari ya mahakama na Gavana hakuweza kukaa kimya alipoona mwalimu aliyemfundisha mwanawe kusoma anafukuzwa bila kosa. Wafanyabiashara nao walikuwa wameona kwamba hakuna mtu anayetaka kujenga kiwanda katika mji usio na shule. Wakaungana na akina mama wale, na sahihi zikakusanywa ili wajumbe watatu waondolewe. Upande wa pili nao ukakusanya sahihi ili watatu wengine waondolewe. Kwa hiyo majina yote sita yakapelekwa mbele ya wananchi tarehe 25 Mei 1959, wayaamue moja moja.

Siku zile mtu hakuweza kupiga kura pasipo risiti ya kodi ya kichwa, ambayo ilikuwa dola moja. Akina mama walikuwa na orodha za wapigaji kura wa kila mtaa. Walipiga simu nyumba kwa nyumba, na siku yenyewe walitoa motokaa kuwachukua watu mpaka vituoni. Kura zilipohesabiwa, tofauti ilikuwa ndogo sana, lakini ilitosha. Wale watatu waliowafukuza walimu waliondolewa wote, na wale watatu wengine wakabaki wote. Waliopiga kura upande huo walikuwa hasa watu weupe wenye mali wa mtaa wa vilimani pamoja na watu weusi wa mitaa yao. Upande mmoja peke yake usingaliweza kushinda. Mwezi wa Juni mahakama ikaamua kwamba sheria iliyofunga shule haikuwa halali.

Shule zilifunguliwa tarehe 12 Agosti 1959. Watu kama 250 waliandamana kutoka jengo la serikali ya jimbo kwenda Central kupinga, lakini polisi wa mji waliwazuia, na watu wa zimamoto wakawarushia maji. Mnamo tarehe 7 Septemba baruti zililipuliwa mahali patatu, na pamoja napo ni ofisi ya Halmashauri ya Shule. Hakuna aliyekufa, na shule hazikufungwa tena. Carlotta Walls na Jefferson Thomas, waliokuwa miongoni mwa wale tisa, walirudi Central na kumaliza masomo mwaka 1960.

Habari hiyo haikuisha na watu wa zamani. Mwezi wa Januari 2015 serikali ya jimbo iliivunja Halmashauri ya Little Rock, ikisema kwamba shule sita za wilaya zilikuwa nyuma mno katika masomo. Kwa karibu miaka sita wananchi hawakuwa na mjumbe waliyemchagua wenyewe. Wazazi walilalamika, na mwezi wa Novemba 2019 walimu waligoma siku moja, wakidai pamoja na mambo mengine kwamba madaraka yarudishwe kwa wenyeji. Tarehe 3 Novemba 2020 watu wakaitwa tena kuchagua wajumbe tisa, mmoja kwa kila mtaa wa uchaguzi. Hapo hata waliokuwa wakiipita kura hiyo bila kuitazama walikwisha kuona mji ukoje usipokuwa nayo.

Mgeni akizuru Little Rock leo ataonyeshwa, katika uwanja wa jengo la serikali ya jimbo, sanamu tisa za shaba zilizosimamishwa mwaka 2005. Ni za wale wanafunzi tisa, wamebeba vitabu vyao, nao wanatazama upande wa ofisi ya Gavana. Inafaa wakumbukwe, maana ushujaa wao ulikuwa mkubwa. Lakini hakuna sanamu ya mwanamke aliyekaa na simu na orodha ya majina jioni nzima, wala ya fundi au mpishi mweusi aliyeitunza risiti yake ya kodi ili siku ya kura isimpite. Askari wa Rais waliufungua mlango wa Central kwa bunduki, na mwaka uliofuata ukafungwa tena. Ulipofunguliwa kwa mahakama na kwa kura za watu wa mji wenyewe, haukufungwa tena.