Silabi ya Mama

Mwaka 1943 serikali ya kijeshi ya Argentina ilikataza redioni lunfardo, yaani lugha ya mitaani ya Buenos Aires, pamoja na nyimbo za ulevi. "Los mareados", tango la Juan Carlos Cobián lenye maneno ya Enrique Cadícamo kuhusu wapenzi wanaokunywa na kuagana, likabadilishwa jina na maneno. Leo linaimbwa kwa maneno yaleyale yaliyokatazwa.

Habari hiyo ilinitia aibu. Nilipomrekodi mama yangu hapa Lubumbashi kwa ajili ya tasnifu, alisema "nilikuwaka". Mimi nikaandika "nilikuwa". Hakuna serikali iliyoniamuru. Usiku huu nasikiliza upya, nikimrudishia "-ka" zake moja moja.