Deni la Kitini

Mjukuu wangu anayesomea kompyuta alinijia hapa Kibaha akiwa amekasirika. "Babu, watu wanaiba kitu kinachotolewa bure!" Nikacheka. Cha bure huibwaje?

Alinieleza taratibu. Mwaka 2011 Con Kolivas, daktari wa Australia, alianza kutoa cgminer, programu ya kuchimba sarafu ya Bitcoin. Aliijenga juu ya kazi ya Jeff Garzik, na jina la Garzik akaliacha palepale. Leseni yake humruhusu yeyote kuitumia, kuibadili, hata kuiuza. Sharti kubwa ni hili: ukiibadili na kuwapa wengine, wape pia msimbo wake, yaani maagizo jinsi mtungaji alivyoyaandika, ili nao waweze kuyasoma na kuyarekebisha. Kolivas amelalamika hadharani kwamba wapo watengenezaji wa mashine za kuchimbia walioichukua programu hiyo, wakauza mashine, na msimbo wakauficha.

Hapo kicheko kiliniisha.

Ndugu msomaji, katika miaka ya 1970, nikiwa mwalimu kijana, mzee mmoja aliyefundisha Kisarawe alinipa kitini chake cha kufundishia hesabu kwa mbegu na vijiti. Hakutaka hata senti. Alisema tu, "Ukikirekebisha, niletee nami nijifunze. Ukimpa mwingine, mwambie kimetoka wapi." Baadaye, nikiwa mkufunzi chuoni, nilikirekebisha, nikakipiga stensili, na juu yake nikaandika jina langu pekee. Wanachuo walinisifu. Kisarawe sikupeleka hata nakala moja.

Wiki iliyofuata niliitafuta nakala ya mwisho iliyobaki, nikaandika jina la mzee kwa wino juu ya langu, nikapanda basi, nikapitia Gongo la Mboto hadi Kisarawe. Mzee alikwisha fariki. Binti yake, naye mwalimu mstaafu, alinipokea vizuri. Alikifungua kitini, akakaa kimya, kisha akasema, "Baba alikuwa akiuliza: yule kijana hajaleta?"

Sikuwa na jibu. Wazee walisema ahadi ni deni, nami nilidhani kwa kuwa sikutozwa fedha, sidaiwi. Niliporudi nilimwambia mjukuu wangu: ukitaka kuwajua watu hao wa mashine, usiende mbali, anza na babu yako.